Sauti Yangu Iache Ilivyo

Rehema mwanangu,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba. Barua hii isome peke yako, basi likishapita Malindi, na usimsomee mtu hata neno moja. Usimwonyeshe hata yule mchoraji wenu, Zuhura, ingawa najua unampenda na mimi mwenyewe sina ubaya naye. Usiipige picha. Ukimaliza usiichane, kwa maana karatasi iliyochanwa huokotwa ikaunganishwa. Nimekaa ofisini, nimeona ikifanywa. Ichome ukishafika, na majivu uyamwagie maji. Nimeandika kwa kalamu niliyonunua mwenyewe, kwenye kurasa za daftari lako la jiografia. Humu hakuna kitu cha ofisi. Unaweza kunicheka. Cheka, kisha fanya nilivyokuomba.

Ya kula, ya kuvaa, ya kutoweka pesa zote mfuko mmoja sitayaandika. Nimeyasema jikoni wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, hata redio hunyamaza kidogo kupisha matangazo ya vifo." Sasa hivi uko uani unakunja zile shuka zenu za michoro na babu yako, aliyekuja kukuaga, na dirisha liko wazi. Namsikia akikuuliza kwa nini mtu asafiri kwenda Mombasa na nguo chafu.

"Kwani Mombasa hakuna uchafu?"

"Upo, babu. Lakini wa kule hauna kwato."

Anacheka. Sijamwambia lolote la juma hili. Naye hajaniuliza kwa nini nimefunga mlango wa mbele mchana.

Nilikuzaa nikiwa kidato cha tatu. Babu yako hakunipigia kelele. Alinirudisha shule, na nyanya yako, Mungu amrehemu, akakubeba mgongoni kwenda nawe shambani mpaka nikamaliza. Kwa hiyo mimi na wewe tumekua pamoja, ndiyo sababu watu wa sokoni bado wanauliza nani mkubwa. Labda pia ndiyo sababu sijui kukupa mawaidha. Kila nililotaka kukuonya nalo lilikuwa bado linanitokea mimi mwenyewe.

Ila jambo moja nimelielewa, na limenichukua umri wako wote kulielewa. Mtu aliyekosa mapema akasamehewa anaweza kukaa maisha yake yote akilipia msamaha huo kwa utiifu. Mimi nilikuwa hivyo. Darasani nilikuwa wa kwanza kuandika na wa mwisho kuinua mkono. Kule chuoni Malindi mwalimu aliniambia, "Wewe utakuwa karani mzuri sana," na nikarudi bwenini nikiimba. Sikujiuliza aliona nini kwangu.

Kampuni ilipokuja kutafuta mafuta huku kwenye delta ya Mto Tana, iliajiri karani mwenye cheti, anayejua Kipokomo, Kiorma, Kigiriama na Kiingereza. Unakumbuka tulivyofurahi. Tulinunua godoro. Mafuta yenyewe mpaka leo hayajaonekana, lakini ada yako ya shule imetoka huko, na viatu utakavyovaa kesho vimetoka huko. Nataka ulikumbuke hilo ukifika mjini, kwa sababu nitalirudia.

Siku ile ulipoweka simu mezani ukanirekodi nikimenya muhogo, nilikusimulia habari ya mkutano. Nilisimulia sehemu tu. Kifaa kilikuwa kinanitazama.

Uliyoyasikia ni haya. Kampuni ilitaka mahali pa kuegesha malori na kuweka matangi ya dizeli, karibu na mto na karibu na barabara. Kwenye picha yao iliyopigwa kutoka angani waliona ardhi tambarare isiyolimwa, pale kandokando ya shamba la babu yako, wakasema pako wazi. Sisi sote tunajua pale ni malka. Ndiyo njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni, na hailimwi hata mwaka wa njaa. Bosi aliniambia, "Ita mkutano. Chagua siku ambayo watu watajaa." Nikachagua. Nilichagua wakati mahindi yameshavunwa na wakulima wako nyumbani. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani, na nilijivunia sana. Bosi akauliza kama kuna anayepinga. Nikatafsiri kwa Kipokomo, nikatafsiri kwa Kigiriama, kisha, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, nikatafsiri kwa Kiorma. Hakuna aliyejibu. Nikaandika kwamba hakuna pingamizi.

Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule. Waorma na mifugo yao yote walikuwa mbali huko bara. Mle ukumbini hakukuwa na Muorma hata mmoja. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikikiuliza swali kiti kitupu, kwa lugha safi kabisa.

Hiyo ndiyo sehemu iliyo kwenye simu yako. Sehemu ambayo haimo ni hii: babu yako alinifuata pale nyuma kwenye kreti za soda.

"Wenzetu hawapo," akasema.

"Watapata habari, baba."

"Kutoka kwa nani?"

"Kutoka ofisini."

"Na ofisi ni nani? Si ni wewe?"

Nikamwambia anisubiri, watu wanangoja soda. Alichukua soda yake, hakuinywa, akaiacha juu ya meza ya bosi akaenda zake. Hajawahi kunikumbusha siku ile. Ningependa angenikumbusha hata mara moja.

Usidhani bosi alinituma niwapunje Waorma. Hakunituma. Aliniambia watu wajae, mimi nikawawaza watu, na waliokuja kichwani mwangu walikuwa watu wa kwetu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko kama ningekuwa nimehongwa. Mtu aliyehongwa anajua alipopindia.

Kisha kiangazi kikakaza. Wewe ulikuwa shuleni Hola, hukuona, na kwenye simu nililipitia hili juujuu tu, nikitaja majina. Unajua desturi: kabla mifugo haijafika, kijana mmoja hutangulia. Hupita mashambani akisalimia, husema ng'ombe wa nani wanakuja, na wenye mashamba huita watoto, hutoa mpunga ulioanikwa njiani, na wote husubiri. Safari ile kijana alikuja, akakuta uzio wa waya, akasimama hapo kwa muda mrefu, akarudi alikotoka bila kumsalimia mtu. Kesho yake ng'ombe wakaja. Ng'ombe mwenye kiu akishanusa mto huwezi kumweleza habari ya uzio. Waliuzunguka wakamiminika katika migomba ya babu yako na ya majirani wote mpaka chini.

Nilifika na dereva wa kampuni. Vijana wa kwetu walikuwa wameshashika mapanga, na vijana wa upande wa pili walikuwa na mikuki. Hapa kwetu umekulia ukijua kwamba kuna miaka ambayo watu wazima hawaizungumzii mbele ya watoto. Niliwatazama usoni nikaona kila mmoja anaizungumzia miaka ile bila kufungua mdomo. Nami nilikuwa nimevaa fulana ya njano, jina la kampuni limeandikwa mgongoni.

Mzee Barisa akanijia. Unamjua, ndiye aliyekuwa akituletea maziwa, na babu yako humpa ndizi. Hakupaza sauti.

"Wewe binti ya Yona. Hii waya nani naweka?"

"Ni kampuni, mzee."

"Kampuni nauliza nani kwanza?"

"Kulikuwa na mkutano."

"Mkutano. Na mimi nilikuwa wapi?"

"Mlikuwa bara, mzee."

"Na wewe ulijua mimi iko bara."

Hakuwa akiuliza. Alinitazama mpaka nikaanza kuivua ile fulana, ikakwama kichwani, na kwa muda sikuona kitu isipokuwa njano. Nilipoitoa, babu yako alikuwa ameshatoka katika migomba iliyolala akamshika Barisa mkono. Walisimama hivyo, wazee wawili, katikati ya panga na mkuki, mpaka ng'ombe wa mwisho akanywa maji. Ofisini siku hiyo niliambiwa niandike kwamba hali ni shwari. Nikaandika.

Uzio bado upo. Waliufungulia mlango mwembamba wa ng'ombe, na kila kiangazi tunashika roho mkononi.

Hapo ndipo walipotukuta akina Zuhura, wale wachoraji kutoka Mombasa. Nakumbuka alivyokuja ofisini kuomba ruhusa ya kuchora pale malka, rangi ya bluu bado kwenye kucha, na bosi akacheka, akasema, "Wachoraji? Nilidhani wanaharakati. Waacheni wachore ng'ombe wao." Mimi ndiye niliyempa Zuhura chai. Akanieleza kwao, ule mtaa wa Mombasa unaopakana na matangi ya mafuta. Alisema shuka nyeupe ukiianika asubuhi, jioni imeshajichora yenyewe kwa masizi. Kwa hiyo kwa kazi ile hawakununua rangi. Waliwaomba majirani shuka, wakazitundika kambani mpaka zikaiva weusi, kisha kila mwenye shuka akachora nyumba yake kwa kidole. Maji ya kisima chao yana rangi ya upinde wa mvua juu. Mabomba yamepita chini ya vyumba vya watu kulala. Nikamuuliza, basi huku mmefuata nini, na mafuta hayapo?

"Sisi, dada, tuliamka tukayakuta," akaniambia. "Tunataka kuwaona watu ambao hayajawafikia. Tujue tulifananaje."

Nilirudi mezani kwangu nikashindwa kuandika.

Kisha wewe ukaenda kuwafasiria, ukabaki nao, ukatandika shuka pale malka ng'ombe wapite juu yake, na nyingine ukaitandika langoni malori yakapita. Nilipoziona zimetundikwa pamoja, moja kwato na moja matairi, niliona wivu. Nilikuwa nimetumia maneno mengi sana katika lugha nne, na sikuwa nimewahi kusema hata nusu ya lile ulilosema kwa kukaa kimya na kutandika kitambaa.

Sasa nikwambie ya juma hili.

Bosi aliniita, akafunga mlango, akanipa kiti. Hajawahi kunipa kiti.

"Mama Rehema," akasema. Hajawahi kuniita hivyo pia. "Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, sivyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Nimekuombea wa kudumu. Unastahili." Akasogeza kikombe chake kidogo. "Hao marafiki wa binti yako wana sauti ya mfanyakazi wetu. Wanataka kuipiga kwenye spika huko mjini, barabarani, watu wasikie."

"Sijui habari hiyo, bosi."

"Sijauliza kama unajua. Nimekwambia wanayo." Kisha akatabasamu kama mtu mwenye huruma. "Sina neno na mtoto. Aende, achore, apate marafiki. Lakini simu huanguka majini. Na huku kwetu maji ni mengi."

Tangu siku hiyo kuna mtu wa pikipiki anakaa kwa yule fundi wa pancha ng'ambo ya barabara. Pikipiki yake haina pancha.

Leo mchana ulipokwenda kuwaaga wenzako, simu yako ilikuwa kwenye chaji. Najua unavyoifungua, nimekuona ukichora ule mstari kwa kidole. Ndoo ya maji ilikuwa miguuni pangu. Nitakuambia kweli: nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimeshatunga na maneno ya kukuambia, kwamba niliinyanyua nikikusafishia meza ikaniponyoka. Ungelia, nami ningekununulia nyingine kwa mshahara wa kudumu.

Lakini karani hafuti kitu ambacho hajakisoma. Nikaisikiliza kwanza.

Nilisikia kisu na muhogo. Nilisikia kuku. Kisha mwanamke akaanza kusema, na nilichukua muda kumtambua, kwa sababu nimezoea kujisikia nikisema ndiyo. Huyu alikuwa akikwama, akirudi nyuma, akisema "hapana, ngoja, sivyo ilivyokuwa." Alipofika pale kwenye kiti kitupu akanyamaza kwa muda mrefu. Na katika kimya kile nikakusikia wewe, chini kabisa: "Endelea, mama. Nipo."

Siku ile sikukusikia ukisema hivyo. Nilidhani niliendelea mwenyewe.

Nikairudisha simu mahali pake. Ulipofika ukaona waya wa chaji umegeukia upande mwingine. Ukanitazama, ukaitazama ndoo, ukachukua kikombe ukanywa maji hayohayo, ukaenda uani. Najua ulijua. Asante kwa kutoniuliza, ningedanganya.

Basi jibu langu ni hili. Ipigeni. Ombi langu ni moja: toa jina la Mzee Barisa, la babu yako na la kijana yeyote niliyemtaja na silaha mkononi, kwa sababu hao hawakuulizwa, na mimi nimeshawahi kuwasemea watu wasiokuwepo. Jina langu liache. Kazi yangu iache. Usinisafishe. Mahali nilipogugumia pasinyooshwe, na pale niliponyamaza msipajaze muziki. Sauti yangu iache ilivyo.

Bado naogopa. Nimeandika sentensi ile nikaenda kuhakikisha kama mlango umefungwa, na ulikuwa umefungwa. Usifikiri mama yako amepata ujasiri leo mchana. Ila nimechoka kuogopea upande usiofaa.

Mjini utakutana na watu ambao watakukasirisha. Mama anayewauzia chai madereva wa malori ya mafuta atakwambia matangi hayana shida. Mlinzi wa lango atakufukuza ukiwa na shuka yako. Usiwachore kama wajinga. Anayeuza chai anajua masizi kuliko wewe. Yamo katika sufuria yake. Mimi nimekulea kwa mshahara wa mafuta ambayo hayajapatikana, na kila mwezi nilikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza, na sababu hiyo ilikuwa wewe. Sisemi hili nikubebeshe mzigo. Nasema ili ukimwona mtu amenyamaza, uulize kwanza anamlisha nani.

Na hata nyinyi wachoraji mna mikutano yenu. Nimewaona mmekaa, mmejaa, mnacheka, mnakubaliana haraka. Ukiwa humo, hesabu ambao hawajaja. Sina jingine la kukufundisha katika kazi yako.

Kesho nitakusindikiza mpaka stendi. Yule wa pikipiki atakuwepo, kwa hiyo nitakuaga kama mtu atakayekuona mwisho wa mwezi. Nitakusema kwa sauti kuhusu sweta. Utanijibu vibaya kidogo, kama kawaida yako. Nisipokukumbatia kwa muda mrefu, ukisoma haya utajua kwa nini. Basi likiondoka nitakwenda ofisini kurudisha fulana, funguo na simu, nimwambie bosi kwamba mkataba wa kudumu ampe mwingine. Sitamweleza sababu. Ataijua spika zitakapowashwa.

Kwa hiyo usinipigie kwa namba uliyonayo. Simu ile ni ya kampuni, na atakayepokea sitakuwa mimi. Wala usiandike ujumbe wowote huko, hata wa salamu. Sitakuwa tena hapa Garsen. Nitakuwa Golbanti kwa babu yako, na akiniruhusu nitapanda migomba upya. Mtandao kule unajua ulivyo. Mtafute Mama Sidi wa mahamri pale stendi. Namba yake unayo, na nimeshazungumza naye. Mpigie jioni akishafunga biashara. Msalimie vizuri, muulize wajukuu, kisha mwambie unamtafuta mama yako, basi, usitaje jina. Siku za soko nitakuwa kwake nikiuza. Siku nyingine atanitumia neno kwa bodaboda wa kwao, nami nitakuja. Akikujibu kwamba hanijui, ujue kuna mtu amesimama karibu yake. Usibishane naye, mshukuru, piga siku nyingine. Usipande basi kuja kunitafuta, hata ukisikia nini. Mtume mtu mzima, mtume Zuhura, aende kwanza kwa Mzee Barisa.

Na ukinipata, usianze wewe. Nikiishika simu, mimi ndiye nitakayekutaja jina kwanza, kabla hujasema lolote. Ukisikia kimya, kata.

Mama yako